Wabeja Kwenye Mfereji wa Pamba

Tulipotoka kumzika shangazi kule Ngulyati, gari lilisimama Bariadi mjini, jirani na kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Dereva alishuka kutafuta maji ya kuongeza kwenye rejeta, sisi tukabaki ndani na vumbi la makaburini miguuni. Dirisha lilikuwa wazi. Harufu ikaingia: mafuta ya moto, pamba, na nyuma yake kitu kama samaki, ingawa pale hapakuwa na samaki. Huyo samaki tulimwongeza wenyewe. Nilijua hivyo kwa sababu mdogo wangu Limi, ambaye leo ana watoto waliomaliza shule, alivuta pumzi ndefu akanigeukia, na Masanja aliyekaa mbele naye alikuwa ameshageuka. Sisi watatu tuliwahi kuziba mtumbwi mmoja tukiwa watoto, na pua zetu hazijasahau.

Tulizaliwa chini ya Nyashimo, upande wa ziwani, enzi ambazo sehemu zile zilikuwa bado zinahesabiwa mkoa wa Mwanza. Kijiji chetu kilikuwa na kitu ambacho vijiji jirani havikuwa nacho, nacho ni mfereji. Wazee wa rika la babu yetu waliuchimba kwa majembe, ukapita katikati ya mafunjo kutoka ziwani hadi kwenye ghala la pamba la chama cha ushirika. Upana wake uliruhusu mitumbwi miwili ipishane kwa adabu. Msimu wa mauzo pamba ya vijiji vya ufukweni ilikuja kwa maji, na sisi watoto tulikaa kandokando kusubiri vipande vyeupe vilivyodondoka vikaelea.

Baba yetu, Maduhu, alikuwa mmoja wa wabeba pamba hao. Mtumbwi wake ulikuwa mdogo kuliko yote, wa magunia manne tu, na kazi yake ilikuwa kuingia kwenye maji mafupi ambako mikubwa ilikwama. Aliuita Wabeja, ambalo kwetu ndilo neno la ahsante. Wenzake walimcheka kwamba anashukuru kabla hajapewa.

Mama alitutoka Limi akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba alifuata miaka michache baadaye, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Nilikuwa darasa la tano alipolala kitandani, nikaacha shule ili nimpikie uji na kumgeuza ubavu. Sikurudi tena. Silalamiki, nasema tu ilivyokuwa.

Matanga yalipokwisha, ndugu walikaa uani kwetu kupanga. Mimi nilikuwa nagawa chai, kwa hiyo nilisikia yote. Masanja, aliyekuwa na miaka kama tisa, angekwenda Mwanhuzi kwa mjomba, ambaye alikuwa na ng'ombe wengi na wachungaji wachache. Limi, mwenye miaka mitano, angechukuliwa na shangazi wa Ngulyati, dada mkubwa wa baba. Mimi ningebaki pale kwa baba mdogo Shigela, nyumba iliyotazamana na yetu, nimsaidie mkewe mpaka nitakapopata mtu. Waligawa kwa upole. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu jembe na vyungu vya mama walikuwa wamevigawa kwa sauti ileile.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache. Nilipompa kikombe aliniuliza, "Huyu mdogo analala upande gani, wa ukutani au wa nje?"

Nikamjibu wa ukutani. Moyoni nikasema, huyu anamkagua mdogo wangu kama mtu anayekagua mtamba mnadani. Tangu siku hiyo nilimwogopa shangazi kuliko ninavyoweza kueleza. Wakakubaliana atakuja kumchukua Limi baada ya mavuno, siku ya msafara wa mitumbwi, kwa kuwa siku hiyo watu wote wangekuwa pale na kuagana kungekuwa kwepesi.

Niueleze huo msafara. Wa umri wangu mtakumbuka jinsi biashara ya pamba ilivyofunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani zao hadi milangoni mwa watu, na hakuna aliyehitaji tena kupakia gunia kwenye mtumbwi. Ushirika ukatangaza kuwa ghala litafungwa. Wazee wa mitumbwi hawakugomba. Walisema tu kwamba mfereji si mlango wa zizi, hauwezi kufungwa bila kuagwa. Ikakubaliwa kwamba Jumamosi moja kila chombo kilichowahi kubeba pamba, hata kile kilichogeuzwa kihori cha kunyweshea ng'ombe, kiletwe ziwani kipambwe, na vyote viingie kwenye mfereji kwa mstari mpaka gati la ghala. Pale gatini jina la kila chombo na la watu wake lingesomwa kwa kipaza sauti. Wakubwa walijua wanaaga. Sisi watoto, kwa kuona magugu maji yanang'olewa na gati linapigiliwa misumari mipya, tulidhani kuna kitu kinaanza.

Wabeja ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya nyumba yetu tangu baba alipoanza kuugua. Kuku walitagia chini yake. Nisingeukumbuka kabisa kama nisingepita ghalani siku karani alipokuwa anaandikisha vyombo.

Karani wa ushirika alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Kilichonisimamisha si yeye, ni daftari lililokuwa mbele yake. Nililifahamu. Lilikuwa daftari la kaya, lenye jalada la kitambaa cha kijani, ambamo kila familia ya kijiji ilikuwa na ukurasa wake wa kupatiwa mbegu na dawa ya pamba. Limi alipozaliwa baba alinichukua tukaenda naye hadi pale barazani. Karani aliandika jina la mtoto chini ya langu na la Masanja, akapiga muhuri wa buluu, na baba akaupuliza mpaka ukakauka. Tulipofika nyumbani alimwambia mama, "Sasa Limi ni wa hapa, hata nikifa leo."

Sasa karani, kwa kukosa karatasi, alikuwa anaandika orodha ya mitumbwi kwenye kurasa tupu za mwisho za daftari lilelile. Nilisimama pale nikaona jambo lote kwa mara moja, jinsi mtoto anavyoona. Walioandikwa mle pamoja ndio kaya. Muhuri ukishapigwa, hakuna wa kuigawa. Ukurasa wetu wa zamani ulikuwa na jina la baba juu, na baba hayupo, ndiyo maana ndugu waliweza kutugawa. Tulihitaji ukurasa mpya.

Nilienda mbele nikamwamkia, nikamwambia naandikisha Wabeja.

"Nahodha nani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mimi."

Akainua kichwa. Wanaume wawili waliokuwa pale wakacheka, mmoja akasema labda tutapakia kuku badala ya magunia. Karani hakucheka. Aliandika majina matatu kama nilivyoyataja, Minza, Masanja, Limi, kisha akanisomea masharti kama alivyowasomea wakubwa. Chombo kiwe na watu wasiopungua watatu. Kiingie kwa nguvu za watu wake wenyewe, kinachovutwa kwa kamba kinafutwa. Muhuri ni siku yenyewe, gatini, kwa waliofika.

Nilimweleza Masanja siri hiyo siku ileile. Alifikiri kidogo, akauliza mjomba atafanyaje. Nikamwambia mjomba ana ng'ombe, hana muhuri. Akaridhika.

Baba mdogo alitukubalia. Nadhani aliona ni mchezo wa mwisho wa watoto kabla ya kuachana, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita katika vyumba viwili. Alitusaidia kuugeuza mtumbwi, akaenda shambani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Fundi Jisena.

Jisena alikuwa fundi wa kuziba mitumbwi, mzee aliyezoea kuongea na mbao kuliko watu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, hivyo hakushika nyundo tena. Alizunguka Wabeja akiugonga kwa kiungo cha kidole na kusikiliza. Kila mahali mbao zilikuwa zimekauka na kuachana, jua likipita katikati kama kwenye ukuta wa miti.

"Mtumbwi umekonda kuliko baba yenu," akasema. Kisha akaona amesema nini. Akavuta kigoda akakaa. "Leteni pamba. Nitawaonyesha."

Pamba tuliyokuwa nayo ilikuwa fifi, ile yenye madoa ambayo hakuna mnunuzi aliyeitaka, nusu gunia iliyobaki nyumbani. Jisena alitaka nyuzi tupu, bila mbegu hata moja. Kwa siku tatu mchana tulikaa chini tukichambua kwa vidole mpaka kucha zikauma. Mafuta yalikuwa ya sangara, ambayo siku hizo yalipatikana kwa wingi kwa sababu ya viwanda vya minofu. Yalichemshwa kwenye sufuria iliyotoboka ubavu, yakatoa harufu nzito ambayo hata mbwa walisimama mbali kuifikiria. Unachovya pamba, unaisokota kama utambi, unaisukuma kwenye mwanya kwa kijiti kigumu, unagonga. Masanja aligonga, mimi nilisokota. Limi alitusumbua mpaka nikampa kipande chake mwenyewe kule nyuma, karibu na mkia wa mtumbwi, urefu wa mkono mmoja tu, ili anyamaze. Jisena alimwita fundi mkuu, naye akavimba kichwa.

"Sasa uzamisheni," mzee akasema tulipomaliza.

Nilifikiri ananitania. Alikuwa hatanii. Mtumbwi mkavu huzamishwa kwa mawe, ukae chini ya maji, mbao zinywe mpaka zivimbe na kuibana pamba. Tuliuzamisha pale penye mdomo wa mfereji, na kwa siku sita tulikwenda kila jioni kutazama umbo lake chini ya maji ya kijani. Masanja alisema unafanana na mtu aliyelala. Nikamwambia asiseme hivyo.

Jumamosi ilifika. Vyombo vilikuwa kumi na vinne. Mitumbwi mingine ilikuwa mikubwa yenye watu wanane, ubavuni imefungwa matawi ya mpamba yenye vitumba vilivyopasuka, mingine imepambwa kwa mafunjo na vitenge. Sisi tulifunga kitenge cha mama pale mbele. Hatukuwa na kingine. Kwa kuwa Wabeja ulikuwa mdogo kuliko yote, tuliwekwa mwisho. Mimi nilisimama nyuma na pondo la baba, mti wa kusukumia mtumbwi, lililonizidi urefu mara mbili. Masanja alikaa mbele na kafi. Limi alikaa katikati na kopo la mafuta ya kupikia, akiwa ameambiwa kazi yake ni kutoa maji kama yataingia, na yeye akiomba yaingie.

Ngoma zilipoanza kwenye ukingo, wa kwanza akaingia, kisha wa pili. Tulipoingia sisi, mafunjo yakatufunika pande zote mbili. Mle ndani kelele zilipungua ghafla. Nakumbuka matope yakinuka kila nilipolichomoa pondo, ndege wadogo wakiruka kutoka shina hadi shina, na mgongo wa Masanja uliojaa fahari. Nilihisi uzito wa mtumbwi ukinitii. Sijawahi kuongoza gari wala kitu kingine maishani, lakini najua wanaoongoza wanahisi nini.

Katikati ya mfereji, pale ambapo mafunjo yanaisha na watu wanaanza kuonekana kwenye kingo, nyayo zangu ziliguswa na baridi. Nikatazama chini. Maji yalikuwa yanaingia nyuma, mahali pa fundi mkuu. Pamba ilikuwa imesukumwa nje, inaning'inia kama ulimi. Limi akaiokota akaifungua kiganjani, akaniambia kwa furaha kabisa, "Dada, zimeota."

Hakuwa amechambua mbegu. Vidole vilimuuma, akaisokomeza pamba ilivyo. Mle chini ya maji kwa siku sita mbegu zilivimba, zikapasuka, zikatoa mikia midogo myeupe, zikaisukuma pamba na kufungua mwanya upya.

Nilimwambia afue maji. Akafua kwa nguvu zake zote, lakini kopo lilitoa kidogo kuliko kilichoingia. Kutoka ukingoni mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba Maduhu alishukuru mapema, sasa oneni, na watu wakacheka. Wale wa mtumbwi uliotutangulia waligeuka, wakaona, mmoja akarusha kamba ikaangukia miguuni kwa Masanja.

"Shikeni. Mtazama."

Masanja aliitazama kamba, akanitazama. Nikamwambia airudishe.

Baba mdogo alikuwa anakuja kando ya mfereji, nusu anatembea, nusu anakimbia. "Minza, shika kamba!"

"Hapana, baba."

Sikuwahi kumwambia mkubwa hapana kabla ya siku hiyo. Maji yalikuwa yamefika juu ya vifundo vya miguu na gati lilikuwa bado mbali, umbali kama wa uwanja wa shule. Nilimwambia Masanja afungue kitenge cha mama. Alikifungua, akaja nacho nyuma, tukakisokomeza kwenye mwanya, lakini kilikuwa kinarudi. Basi Masanja akakikalia. Alikaa pale na makalio yake yote, akageuka nyuma mbele, akaendelea kupiga kafi akiwa anatazama tulikotoka. Watu walicheka tena, kisha wengine wakaacha kucheka.

Fundi Jisena alitokea ukingoni na fimbo yake. Alitembea sambamba nasi akigonga fimbo chini kwa mwendo uleule. "Pondo," alisema. "Pondo. Usitazame maji. Tazama gati. Pondo."

Nikatazama gati. Pale mbele, kati ya watu, nilimwona shangazi amesimama na kifurushi mkononi. Nikazidisha nguvu, ingawa kila nguvu ilinipeleka kwake.

Wabeja haukuzama kwa kupinduka. Uliketi taratibu, kama ng'ombe anavyolala, na ulipogusa chini, ncha yake ya mbele ilikuwa imegusa nguzo ya gati. Masanja akampandisha Limi gatini. Mimi nilibaki nimesimama ndani ya mtumbwi, maji yakinifika kiunoni, pondo bado mkononi.

Karani alikuwa na daftari mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, waya wake ukienda hadi kwenye betri ya lori. Alitazama mtumbwi, akakuna kichwa. "Huu umefika au umezama?"

"Vyote viwili," Jisena akasema akihema. "Lakini ulifika kwanza."

Watu wakacheka, na karani akasoma jina la Wabeja na majina yetu matatu. Niliyasikia yakienda mbali juu ya mafunjo. Kisha akafunga daftari. Nikaona anafunga.

"Naomba muhuri," nikasema.

Aliinama kunisikia, na kipaza sauti kikainama naye. Akaniuliza muhuri wa nini, mtoto. Wengine walikuwa hawajaudai, walitaka soda tu.

"Kwenye majina yetu. Pamoja. Ili Masanja asiende Mwanhuzi na Limi asichukuliwe Ngulyati."

Sikujua kwamba kile kifaa kilikuwa kinanisikia. Sauti yangu ilitoka kwenye pembe ya chuma juu ya ghala, kubwa kuliko mimi, ikapita kwa watu wote na ngoma zikaacha. Karani alinitazama, akatazama jalada la kijani, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeulizwa njia ya mahali ambapo hapapo tena.

Baba mdogo alikuwa amefika. Alisema kwa upole, "Minza, mwanangu, hilo daftari sasa..."

"Shigela," shangazi akasema. "Nyamaza."

Alimpa mtu kifurushi chake. Akaenda mpaka kwa karani, akasimama mbele yake. "Mtoto ameomba muhuri. Piga."

Wino ulikuwa umekauka. Karani aliupumulia muhuri, mara moja, mara mbili, akaugandamiza kwa mikono yote miwili, akaniinamia na ukurasa nione. Ulikuwa hafifu, upande mmoja haukutoka. Nikaupuliza kama baba alivyofanya.

Shangazi akashuka kwenye maji na kitenge chake kizuri, akanitoa pondo mkononi, kidole kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vimekaza. "Nilikuja kuchukua mtoto mmoja," akasema, akiwaambia watu wa gatini na si mimi. "Sasa nakuta wameandikwa. Mimi ni nani nibomoe kaya ya watu?" Kisha akamwambia baba mdogo ampelekee salamu shemeji wa Mwanhuzi, kwamba ng'ombe wake atawatafutia mchungaji mwingine.

Tulibaki katika nyumba yetu, ukuta wetu ukitazamana na wa baba mdogo, na mkewe akituonjesha kila alichopika. Masanja na Limi walisoma. Mimi nililima, nikauza dagaa Nyashimo, nikaolewa nao wakiwa wameshasimama. Shangazi alikuja kila mwezi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akakaa siku mbili, akamsuka Limi nywele, akaondoka. Gauni lililokuwa kwenye kile kifurushi alilivaa Limi palepale gatini, juu ya miguu yenye tope. Mbegu zake alizipanda nyuma ya nyumba, nje ya msimu. Zilitoka majani manne, mbuzi wa baba mdogo wakazila.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba muhuri ndio uliotushindia. Nilishakuwa na watoto wangu siku niliponunua karanga sokoni Bariadi, nikapewa zimefungwa kwenye karatasi yenye mistari ninayoijua. Ilikuwa na majina ya watu wa nyumba moja nisiowafahamu, baba, mama, watoto watano, na muhuri wa buluu. Nikamuuliza muuzaji karatasi hizo amezipata wapi, akasema zinauzwa kwa kilo, zimejaa. Nilikula karanga zile nimesimama, nikaikunja karatasi, na siku iliyofuata nikaenda Ngulyati.

Shangazi alikuwa anaanika viazi. Nilimwekea karatasi mapajani. Hakuhitaji kuulizwa.

"Hilo daftari lilikufa siku lile ghala lilipotangazwa kufungwa," akasema. "Nani hakujua? Karani alijua, Shigela alijua. Hata wale wa ngoma."

"Sasa kwa nini?"

Aligeuza vipande vitatu vinne vya kiazi kabla ya kunijibu. "Ulikuwa umesimama majini, mayu, mama yangu, umeshika lile pondo kama fimbo ya kunipigia. Ningekubishia nini?" Akacheka kidogo. Kisha akasema, kana kwamba anaongea na viazi, "Lile gauni nilishona kwa mkono wangu. Nilikuwa nimezaa wanne, wote wa kiume. Kitanda nilikuwa nimeshakisogeza ukutani."

Nilichukua ungo wa pili nikamsaidia kuanika mpaka jua likageuka. Ndipo nilipoelewa ni nani aliyelipa siku ile, na kwamba alilipa akiwa amesimama mbele ya watu wote na hakuna aliyemwona.

Kule makaburini tulikotoka, mwana mkubwa wa shangazi alisoma habari za marehemu kutoka kwenye daftari la shule. Alisema mama mwenyewe ndiye aliyemwandikisha, kitandani, na alikataa neno lolote libadilishwe. Alizaliwa wapi, aliolewa wapi, alisali wapi. Kisha akasoma kwamba marehemu ameacha watoto saba. Watu wa pale, wanaojua idadi, waliinua nyuso. Akataja majina ya ndugu zake watatu na lake, akaendelea: Minza, Masanja, Limi.

Dereva alirudi, akafunga boneti. Harufu ya kinu ilikuwa bado imejaa ndani ya gari na hakuna kati yetu aliyetaka kupandisha kioo. Tulipoanza kuondoka, Limi aliniegemea begani kama alivyokuwa akifanya zamani kitandani, alipolala upande wa ukutani.

"Dada," akasema, "lile daftari la leo lilikuwa na muhuri?"

Nikamwambia ulikuwepo.